Shikamoo Kabla ya Mlima

Tangu nistaafu, mara mbili nimejikuta nimesimama uani alfajiri, miguu mitupu, nikitazama mawingu yalivyokaa kwenye mlima Hanang na kujiambia kwamba leo tusubiri mpaka saa tatu. Tusubiri nini, sijui. Sina ndege, sina abiria, na ng'ombe wangu wawili hawahitaji ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege ili watoke zizini. Mke wangu anasema majirani zetu hapa Endasak wameshaanza kuuliza kama niko salama. Ndiyo maana nimekubali kuandika haya mliyoniomba, ninyi marubani vijana mliobaki kazini. Bora nionekane nina kalamu mkononi.

Sitawaeleza nilivyopanda vyeo, maana kwetu vyeo vilikuwa viwili tu, rubani na rubani msaidizi. Mshahara nao sitautaja, kwa sababu mke wangu atasoma.

Nilipoingia, kampuni ilikuwa na ndege tatu za injini moja, marubani sita, mafundi wanne na Bi Zainabu. Bi Zainabu ndiye aliyekuwa mwenye kampuni, mama wa makamo kutoka Tanga, na ofisi yake ilikuwa kwenye kona ya karakana yetu Arusha. Chama cha wafanyakazi hakikuwepo. Hakuna aliyekikataza, ila hakuna pia aliyetaka kuwa wa kwanza kukitaja. Mkataba ulikuwa wa ukurasa mmoja na wa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha uliitwa ofisini peke yako, ukatoka peke yako, na wenzako walisoma uso wako ndipo wakajua kama bado uko nao. Likizo zetu zilipangwa na mvua. Viwanja vya nyasi vikilowa, tulipumzika, vikikauka, tuliruka. Tulichokuwa nacho cha kwetu ni benchi moja la mbao nje ya karakana. Hapo tulilalamika vizuri sana kila asubuhi, kisha tukainuka kwenda kazini.

Na pamoja na hayo yote niliipenda kazi ile mno. Nimeona watu wanaopumua vizuri Ijumaa jioni. Mimi nilipumua vizuri Jumatatu.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Kapteni Komba, Mngoni wa Songea aliyejifunza kuruka jeshini, mzee wa rika la baba yangu, kichwa cheupe na maneno machache. Nilikuja na shati jipya nikitegemea kushika usukani. Akanipa kitambaa na ndoo ya maji nifute kioo cha mbele.

"Mdudu kwenye kioo anafanana na ndege iliyo mbali," aliniambia. "Ukimwacha, siku moja utamkwepa mdudu ugonge ndege."

Wiki nzima nilifuta vioo. Wiki ya pili akanipa kijiti cha mbao chenye mikwaruzo, cha kutumbukiza kwenye tangi la mafuta. Nikamwonyesha kwamba ndani ya ndege kuna saa ya mafuta inayofanya kazi. Akasema saa ile husema inachopenda, ila kijiti hakina sababu ya kudanganya. Kijiti hicho nimekitumia mpaka mwaka huu, nacho hakijawahi kunidanganya hata siku moja.

Safari niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya kliniki, mara moja kwa mwezi. Tuliwapakia wauguzi, mizani ya kupimia watoto na masanduku ya baridi yenye chanjo, tukaenda Masieda kule Mbulu na Getanuwas kule Hanang. Kiwanja cha Masieda kilikuwa kifupi na kimeinama, kwa hiyo unatua ukipanda kilima na kuruka ukishuka, upepo uwe umekubali au umekataa. Mara ya kwanza nilifumba macho. Komba aliniambia nikitaka kufumba macho nilipe nauli nikae nyuma na abiria.

Getanuwas palikuwa tambarare, na shida yake ilikuwa ng'ombe. Utaratibu ulikuwa huu: unapita mara moja chini chini juu ya kiwanja, wachungaji wanaondoa mifugo, unazunguka, ndipo unatua. Msimamizi wa kiwanja alikuwa Mzee Gidamuna, mfugaji mrefu mwenye shuka jeusi na fimbo, ambaye hakuwa ameajiriwa na mtu. Alijipa kazi mwenyewe. Siku alipoona tunamimina madebe ya mafuta kwenye bawa, alisimama akatazama mpaka debe la mwisho.

"Huyu ng'ombe wenu anakunywa sana," alisema, "na maziwa hatoi."

Kina mama walikuwa wamekaa kwenye nyasi tangu alfajiri, watoto migongoni. Mtoto akining'inizwa kwenye mizani analia, mama yake anacheka, muuguzi anasoma kilo kwa sauti, na wote waliokaa wanaitikia kana kwamba uzito ule ni wao. Baadaye tunaletewa ugali na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nilikuwa nikikaa chini ya bawa nikila na kujiuliza ni nani mwingine duniani anayefanya kazi tamu kama hii. Sikumwambia Bi Zainabu, asije akapata wazo la kunipunguzia mshahara.

Sasa niwaeleze habari ya mlima.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza, mwanzo wa masika. Asubuhi hiyo nilifika kwa wakati, lakini Kapteni Komba alikuwa ameshakaa ndani ya ndege, spika masikioni, anaongea na mnara. Nikakagua nje, nikapima mafuta kwa kijiti, nikawafunga wauguzi mikanda, nikapanda. Injini ikawaka, tukaondoka. Tulipokuwa juu ya Ziwa Manyara ndipo nilipokumbuka kwamba sijamwamkia.

Kwa mtu aliyelelewa Endasak hilo si jambo dogo. Kwetu ukimpita mzee bila shikamoo, habari inafika nyumbani kabla yako, na utakula baada ya kuhubiriwa. Nilitaka kumwamkia palepale, ila alikuwa akiongea na redio. Akamaliza redio, akashika ramani. Kufika Babati salamu ilikuwa imeshachacha, na mimi nimekaa nayo mdomoni kama mtu aliyeumwa jino.

Baada ya Babati mawingu yalifunga chini yetu na mbele yetu. Zama hizo hatukuwa na vyombo mlivyo navyo leo vya kukuonyesha ulipo. Tulikuwa na dira, saa na akili. Hesabu ya Komba ilikuwa ileile ya siku zote: kutoka Babati unahesabu dakika, mlima unaupita ukiwa upande wa kulia, dakika zikitimia umeshauacha nyuma, unakata kulia kwenda Getanuwas. Hesabu ilikuwa sahihi. Upepo ndio haukuwa umeambiwa. Ulikuwa ukivuma kutoka mbele, unatuchelewesha, na sisi hatukuwa na habari.

Hapo ndipo wingu lilipotoboka chini upande wangu, nikaona paa. Lilikuwa paa la bati lenye kiraka chekundu pembeni. Niliitambua shule yangu ya msingi. Kiraka kile kilipigiliwa nikiwa darasa la tano, na mimi ndiye niliyeshika ngazi. Kama shule iko chini yetu, basi mlima hatujaupita. Uko kulia kwetu, palepale.

Na Kapteni Komba akaanza kukata kulia.

Nilijua. Sikukisia. Lakini yule alikuwa mzee wangu, na mwalimu wangu, na sijamwamkia. Nitamkosoaje mtu ambaye hata salamu sijampa? Nikafungua mdomo, na hiki ndicho kilichotoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, bado anakata kulia. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

"Haya, vizuri."

"Mzee, samahani, naomba kusema neno."

"Sema tu."

"Mlima."

Sijawahi kuona mtu wa umri ule akitumia mikono yake haraka namna ile. Ndege ililala kushoto, injini ikanguruma, na kwenye dirisha la kulia wingu likageuka kuwa miti. Niliona matawi. Niliona majani kwenye matawi, na maji kwenye majani. Kisha miti ikaisha, tukawa tunapanda kwenye weupe. Nyuma yetu muuguzi mmoja aliuliza kama tumefika.

"Bado, mama," alisema Komba. "Tulipita kuangalia tu."

Tulitua Getanuwas salama. Wauguzi walipokwenda kwenye kazi yao, Komba alikaa kwenye gurudumu la ndege, akanifanyia ishara nikae.

"Uliona lini?" aliuliza.

"Kabla hujaanza kukata, mzee."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuamkia."

Alinitazama. "Na mimi nikaitikia," alisema. "Nikauliza na ya nyumbani."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, nami nikacheka kwa sababu ya hofu, na Mzee Gidamuna akaja kuuliza kama tumelewa. Halafu kicheko kikakatika, Komba akafuta macho, akaomba karatasi. Palepale, kwenye goti lake, aliandika taarifa ya kurasa mbili juu ya kosa lake. Nilimsihi asiandike. Wauguzi hawakujua, ndege haikuwa na mkwaruzo, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi uleule. Akaniambia kosa lisipoandikwa litamngoja mwenzetu pale pale kwenye wingu.

Taarifa ilipofika ofisini, mlango wa Bi Zainabu ulifungwa siku mbili. Kwenye benchi tulishajua maana yake. Rubani wa umri wa Komba akiachwa hakuna kampuni ya kumchukua, na yeye hakuwa na kitu alichokipenda kama kuruka. Lakini lilikuwepo kubwa zaidi, na fundi wetu mkuu ndiye aliyelisema huku akifuta mikono kwa tambara.

"Mzee wa watu akifukuzwa kwa kusema kweli," alisema, "msitegemee mwingine ataandika. Mtakuwa mnaficha, na sisi mafundi tutakuwa tunaokota vyuma."

Kwa hiyo marubani sita tulikutana benchini, tukachana karatasi kwenye daftari la mafundi, tukaandika. Shikamoo ziishe chini, kabla ya mlango wa ndege, na asiyewahi angoje mpaka watue. Mmoja kati ya marubani wawili akisema "geuza", ndege igeuzwe kwanza, na hata ikija kuonekana hapakuwa na kitu, asiulizwe, si na mwenzake wala na ofisi. Na anayejiandikia kosa lake asinyimwe mkataba kwa ajili hiyo. Ni hayo tu. Tulibishana saa nzima juu ya neno "geuza", maana mmoja wetu alitaka "tafadhali geuza".

Ikabaki nani apeleke. Kwa desturi mzee ndiye husema, na mzee wetu alikuwa mshtakiwa. Chama hatukuwa nacho, kwa hiyo mwenyekiti hatukuwa naye, na kila mtu aligundua ghafla kwamba viatu vyake vinahitaji kutazamwa. Mimi nikaenda. Ningependa mjue kwamba nilisimama kwa ujasiri, ila ukweli ni kwamba benchi lilitosha watu watano, na mimi kama mdogo nilikuwa nimeshasimama.

Niliingia ofisini. Nikaweka karatasi mezani, nikasema, "Mama, tunaomba usome hii."

Bi Zainabu alivua miwani taratibu. "Kwenu Endasak hamfundishwi kuamkia wakubwa?"

"Tunafundishwa, mama," nilisema. "Ndiyo maana nusura tugonge mlima."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Alinitazama, nikaanza kufikiria kazi ya kulima maharage. Kisha akarudisha miwani, akasoma.

"Nani amekutuma?"

"Benchi, mama."

"Benchi lina watu wangapi?"

"Watano. Na mimi."

Akasoma tena, kidole kikifuata mistari. Alikuwa na tabia ya kupanda kiti cha mbele siku za safari ndefu, na mawingu yakitokea utamsikia akisema twende tu, haya si mawingu, ni ukungu. Sote tulimwogopa zaidi akiwa hewani kuliko akiwa ofisini. Alichukua kalamu, nikajua anafuta. Hakufuta. Chini ya mstari wa "geuza" aliongeza maneno manne: *hata mimi nikiwa ndani*. Akatia sahihi.

"Mwambie Kapteni Komba aje kesho kuweka sahihi ya mkataba wake," alisema. "Nikimfukuza anayesema kweli, nitabaki na ndege tatu na waongo watano."

Sikuthubutu kumuuliza kama na mimi nimo katika hao watano. Nilitoka nje, na wenzangu waliposoma uso wangu, fundi mkuu alinikumbatia na grisi yake yote. Shati lile sikulifua tena, ingawa mke wangu ana maelezo yake kuhusu jambo hilo.

Nisieleweke vibaya. Sisemi chama hakina kazi. Kingekuwepo, mtoto wa mwaka mmoja kazini asingepelekwa mlangoni mwa bosi kwa sababu ya kukosa pa kukaa. Mkiweza kukianzisha, anzisheni, na mchague mwenyekiti anayejua kusimama. Sisi tulipata mwajiri mwenye masikio, na hiyo ilikuwa bahati, na bahati haiandikwi kwenye mkataba.

Karatasi ile ilibandikwa ukutani karakana, na tangu hapo desturi yetu ikawa kituko. Kila asubuhi, mbele ya mlango wa ndege, mngetuona tumepanga mstari, shikamoo, marahaba, nyumbani hawajambo, mvua imenyesha, ng'ombe wamezaa, mpaka yote yaishe. Watalii walidhani ni ibada, na wengine waliinamisha vichwa. Tukishaingia ndani, heshima tuliiacha nje na viatu vya matope. Komba aliruka miaka mingine mingi, na nilimwambia "geuza" mara tatu. Mara moja nilikuwa nimekosea kabisa. Aligeuza, akazunguka, akatua, hakusema neno, na jioni alinikatia kipande kikubwa cha nyama kuliko chake.

Safari yangu ya mwisho niliomba iwe ya Getanuwas. Kushoto nilikaa mimi, kulia alikaa Restituta, mzaliwa wa Mbulu mjini, ambaye mwezi ule alikuwa amepata leseni ya ukapteni na alikuwa bado akiitazama kila aliposimama. Habari za kustaafu kwangu zilikuwa zimetangulia. Tulipopita chini chini niliona kijiji kizima kimejaa pembeni ya kiwanja, shuka nyeusi na vitenge, na Mzee Gidamuna, mkongwe sasa, anafukuza ndama kwa fimbo ileile. Nikajiambia kwamba leo nitatua mtuo ambao watausimulia. Nilizunguka, nikaipanga ndege, upepo ukatulia kana kwamba nimeuhonga. Magurudumu yalikuwa karibu kugusa nyasi.

"Geuza," alisema Restituta.

Sikuwa nimeona kitu. Miaka yote ile, kiwanja ninachokijua kama ua wa nyumba yangu, kijiji kizima kinatazama, na mtuo mzuri kuliko yote niliyowahi kuandaa uko mikononi mwangu. Niliongeza mafuta, tukapanda. Sikuuliza. Tulizunguka, tukaja tena, tukatua mtuo wa kawaida wenye mruko mmoja.

Ndege ikiwa inatembea taratibu, alisema kwa sauti ndogo, "Nilidhani ni ndama amelala. Ni shuka la mtu lililoanguka. Samahani, Kapteni, nimekuharibia."

"Sijakuuliza," nilimwambia, na moyo wangu ulijaa furaha kiasi kwamba ilibidi nijifanye natafuta kitu kwenye mfuko wa mlango. Sikumbuki kufurahi vile siku nyingine yoyote ya kazi.

Tuliposhuka, Mzee Gidamuna alinisogelea. Nilimwamkia, akaitikia, na baada ya kuulizana habari zote kwa ukamilifu, alinyoosha fimbo angani.

"Mlifika, mkaondoka tena. Kwa nini?"

Restituta aliinamisha macho.

"Tuliwaona hamjajaa, mzee," nilisema. "Tukarudi juu kuwasubiri."

Aligeuka, akawatazama watu wake kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

"Sasa je?"

"Sasa mmejaa."

Aliridhika. Tulikula, kina mama wakaimba, watoto wakapimwa, na jua lilipoinama nikampa Restituta kiti cha kushoto, kile cha kapteni, aturudishe Arusha. Mimi nilikaa kulia, pale nilipokaa mwaka wangu wa kwanza. Njia nzima nilitafuta sababu ya kumwambia "geuza", na sikuipata.